Ombi la Kurudishiwa Maumivu ya Mgongo

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Kupitia kwa Mkalimani wa Wodi ya Mifupa, ambaye namwomba aisome barua hii kama ilivyo, asiipunguze makali wala asiitie sukari.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPASUAJI ULIOFANIKIWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wauguzi wako, pamoja na yule mama anayesukuma toroli la chai, ambaye ndiye mtu pekee hospitalini kwenu aliyewahi kunipa kitu bila kunitaka nitie sahihi. Mimi ni yule mzee wa kitanda cha dirishani, fundi wa kujalidi vitabu, niliyekuja kwenu nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, nikaondoka nimenyooka. Kunyooka huko ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sisemi kwamba mlifanya kazi mbaya. Mgonjwa aliyeharibiwa ana pa kwenda: kuna dawati la malalamiko, kuna sanduku la maoni, kuna ndugu wa kulia naye. Mgonjwa aliyepona hana dawati. Nililiulizia siku ya kuruhusiwa, binti wa mapokezi akanitazama kwa huruma akadhani dawa ya usingizi haijanitoka. Ndiyo maana nakuandikia wewe moja kwa moja.

Jambo lenyewe ni hili. Ninaye dada, mkubwa wangu, anayeishi katika nyumba tuliyozaliwa, katika nchi niliyoikimbia nikiwa kijana mwenye nywele nyingi. Kila anapopiga simu huniuliza lini nakwenda. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa mgongo. Sasa mgongo mmeuponya, na jibu jingine hamkuniachia. Tangu niliposhuka kwenye ndege nikitembea kwa miguu yangu mwenyewe, dada anangoja nimtajie tarehe. Mimi sina tarehe, na sababu ya kutokuwa na tarehe mmeitupa kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji.

Nayaweka malalamiko yangu hapa chini kwa utaratibu, maana hasira isiyopangwa ni kelele tu.

1. Kuhusu mlango mlioingilia. Nililalamikia mgongo, mkanifungua tumbo. Nakiri kwamba daktari alinieleza siku iliyotangulia, kwa upole na kwa msaada wa mifupa ya plastiki, kwamba diski ya kiunoni hufikiwa vizuri kutokea mbele, kwamba utumbo husogezwa pembeni kama pazia, kisha kitu kipya chenye sahani mbili za chuma na mto katikati hukaa mahali pa kile cha zamani. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu Mkalimani alikuwa ananikazia macho. Lakini mimi nimejalidi vitabu maisha yangu yote, na kitabu kilichoachia mgongo hufunguliwa mgongoni. Sijawahi kumwona fundi anayeanzia katikati ya hadithi. Matokeo yake nina kovu mahali ambapo haliaminiki. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alilitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee mwenzangu, huo si mgongo. Wamekutoa kidole tumbo, wakaona haya kukwambia."

2. Kuhusu mali yangu. Diski ya zamani hamkunirudishia. Nilipozinduka niliiulizia kabla sijaulizia maji. Muuguzi akacheka, na Mkalimani, bila kutafsiri chochote, akanijibu mwenyewe: "Babu, ile ilitoka vipande vipande kama mkate wa juzi. Ungeifanyia nini?" Hilo si swali la kumuuliza mwenye mali. Fundi mwaminifu anapomvalisha mteja kitabu chake jalada jipya, humrudishia la zamani hata kama limeliwa na panya, naye mteja aamue kama atalitunza au atawashia jiko. Diski ile nilivuka nayo mpaka. Ilikuwa changa wakati huo, haina kosa. Ilizeekea hapa, juu ya meza yangu ya kazi, lakini ilikuwa imetoka nyumbani, Ndugu Mkurugenzi. Vitu nilivyonavyo vilivyotoka nyumbani si vingi, na karibu vyote vimo ndani ya mwili.

3. Kuhusu Mkalimani wenu mwenyewe. Namheshimu. Anasema kweli katika lugha mbili, jambo ambalo watu wengi hawaliwezi hata katika moja. Lakini siku ile nilipokuwa ukumbini na mtaalamu wa mazoezi, nikifundishwa kutembea kama mtoto huku nimevaa soksi za kubana hadi mapajani, simu yangu ililia kitandani, naye akaipokea. Alikuwa dada. Nilifika nikasikia nusu ya pili ya mazungumzo: "Shikamoo mama. Ndiyo, yuko hapa, anatembea ukumbini kama bwana harusi. Hapana, usilie. Daktari amesema kifaa kikishakaa vizuri, atasafiri popote anapotaka."

Popote. Kazi ya mkalimani ni kubeba maneno ya watu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hilo neno hakuna aliyemtwisha. Nilipomkabili, akaweka mikono kiunoni. "Babu, aliniuliza kama u mzima ama si mzima. Ulitaka nimwambie umekufa?" Nakiri kwamba wazo hilo lilikuwa halijanijia, na kwamba nililifikiria mpaka chakula cha mchana.

4. Kuhusu mahali mlipojenga hospitali. Binti yangu ndiye aliyewapata, kwenye simu yake, akilinganisha hospitali kama mtu anayechagua viatu. Hakuna aliyeniambia kwamba njia ya kuja kwenu inapita juu ya nchi niliyozaliwa. Niliigundua mwenyewe, kwenye kile kioo kidogo mgongoni mwa kiti cha mbele, ambapo picha ya ndege hutambaa juu ya ramani kama mdudu. Ilitambaa, ikafika, ikapita. Mhudumu alikuwa ananiuliza kuku au samaki. Nilishindwa kujibu, akanipa vyote viwili.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia dada. Nilidhani ataona ni jambo zuri, kwamba kwa dakika chache tulikuwa mahali pamoja, yeye chini, mimi juu. Akasema: "Kwa hiyo ulipita juu ya paa langu, ukaenda kulala kwa wageni."

"Tulikuwa juu sana, dada."

"Na huo mgongo usioweza kuja kwangu uliwezaje kwenda huko, mbali mara mbili?"

"Nilipewa kiti cha kulalia."

"Hata mimi nina kitanda, mdogo wangu."

Napendekeza hospitali kama yenu zijengwe siku zijazo pande za dunia ambazo haziwalazimishi wagonjwa kupita juu ya dada zao.

5. Kuhusu nafasi yangu katika benchi. Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ninyi mlioko makwenu hamtalijua jambo hili mpaka mwelezwe.

Mtaani kwetu, nje ya duka la fundi cherehani, lipo benchi. Hukaa pale watu wa umri wangu waliotoka nchi moja nami, mambo yalipoharibika, kila mmoja kwa njia yake. Mambo yale yalikwisha tengemaa zamani. Mpaka uko wazi, basi huondoka asubuhi, na vijana wetu huenda na kurudi kama wanakwenda sokoni. Sisi hatujaenda. Kila mmoja wetu ana sababu. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mtu anaijua: sababu ni moja kwa kila mtu, inatajwa kwa heshima, na haiguswi na mwingine. Fundi cherehani ana kisukari. Mwalimu mstaafu anangoja cheti chake cha utumishi kithibitishwe na ofisi ambayo nasikia siku hizi ni ukumbi wa harusi. Mjane mmoja tunayemwita Mama Kuku ana kuku. Mimi nilikuwa na mgongo.

Kwa hiyo salamu zetu ziko hivi:

"Kuku hawajambo?"

"Hawajambo. Mgongo je?"

"Mgongo upo."

Mpita njia hudhani tunaulizana afya. Hapana. Tunahakikishiana kwamba kesho pia tutakuwepo.

Niliporudi kutoka kwenu nilikwenda bencheni nikiwa na mkanda wa kiunoni, nikitumaini utanisaidia. Mama Kuku akauliza, "Mgongo?" Nikaushika mkanda. Fundi cherehani akaweka mkasi chini.

"Simama," akaniambia.

Nikasimama.

"Kaa."

Nikakaa.

"Kifungo hicho kimeanguka. Nipe."

Nilikunja magoti nikachuchumaa, mgongo umenyooka, kama mtaalamu wenu alivyonifundisha, nikakiokota. Mwalimu akavua miwani akasema, "Ndugu yangu, umepona vibaya."

Sitaki uone kwamba walinitupa. Walihangaika nami. Fundi cherehani alisema, "Chukua kisukari changu. Mimi nina presha pia, itanitosha." Mwalimu akapinga, akasema sababu haihamishwi mtu akiwa bado hai. Mama Kuku akajitolea kunigawia kuku watatu. Fundi akamjibu, "Kuku watatu si sababu, mama. Ni kitoweo." Wakafikiria nisingizie macho. Lakini mtu anayesoma gazeti zima hadi matangazo ya vifo hawezi kuamka asubuhi moja akawa kipofu, hata kama angependa. Tuliachana hivyo. Na ile pembe ya benchi iliyoegemea ukuta, niliyopewa kwa ajili ya mgongo, sasa anaikalia dereva mmoja mstaafu mwenye goti. Goti lenyewe changa. Halijui hata kutabiri mvua.

6. Kuhusu karatasi ya maelekezo. Mlimpa mke wangu karatasi inayoonyesha, kwa michoro, nisichoruhusiwa kubeba mwanzoni na nitakachoruhusiwa kubeba baadaye. Ameibandika jikoni. Sehemu ya mwanzoni aliisoma mara moja. Ya baadaye anaisoma kila siku, kwa sauti. Nimeshapandishwa cheo kutoka birika hadi ndoo ndogo. Juzi aliteremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka wazi karibu na mlango wa chumba. Nilimwambia nina barua muhimu ya kuandika kwa wakubwa wa hospitali. "Andika tu, baba," akasema. "Mimi ninapanga nguo."

7. Kuhusu utaalamu wangu. Watoto waliozaliwa huku, wakipewa kazi shuleni kuhusu mahali wazazi wao walikotoka, huletwa kwangu. Mimi ndiye ninayejua. Ninawaambia nyumba yetu ilikuwa na mlango wa mbao wenye komeo lililoinuliwa kutoka chini, kwamba dirisha la chumba cha wavulana lilikuwa na ubao mmoja uliovimba wakati wa mvua ukakataa kufunga, kwamba kutoka kizingitini hadi kisimani kulikuwa na njia iliyochongwa na miguu tu, na kwamba kwenye ukuta wa jikoni palikuwa na doa jeusi lenye umbo la sikio. Wanaandika. Wanapata alama nzuri.

Dada naye, kila akipiga simu, ananisahihisha. Mlango uliliwa na mchwa, wameweka wa chuma. Kisima kimefukiwa, kuna bomba. Jiko walilibomoa. Ananieleza kwa furaha, kama mtu anayetoa habari za maendeleo, nami ninamshukuru, na kesho yake ninawaambia watoto habari za komeo. Yeye ana toleo jipya, mimi nina toleo la kwanza. Muda wote mgongo ulipokuwa unauma, matoleo haya mawili yalikaa kwenye rafu mbili tofauti, wala hayakuwahi kugombana. Mtu yeyote wa vitabu atakwambia kinachotokea yakiwekwa pamoja mezani: la kwanza hupelekwa ghalani.

Nisitiwe maneno mdomoni. Sisemi dada asikae na mlango wa chuma. Nasema tu kwamba nikienda nitalazimika kubisha hodi kwenye nyumba ambayo sijawahi kuipigia hodi maishani mwangu, na sijui mtu hubisha kwa namna gani nyumbani kwao.

8. Kuhusu simu ya Jumapili. Hili ndilo lalamiko kubwa, na ningependa Mkalimani alisome taratibu.

Dada alipiga. Hakuuliza lini. Aliniuliza nimekula nini, nikamwambia. Akaniuliza kama ninalala chali au ubavu, nikamwambia ubavu, na mto katikati ya magoti. Kisha akasema: "Mimi sikuiti uje kunifanyia kitu. Paa liko sawa, shamba lina watu. Nakuita nikuone. Baba hayupo, mama hayupo, wale wadogo wawili unajua yaliyowapata. Nimebaki mimi tu ninayejua kwamba uliogopa bata. Nikiondoka mimi, utakuwa kama mtu aliyezaliwa peke yake."

Zamani angesema maneno hayo, nami ningejibu, "Dada, mgongo." Naye angesema, "Pole, mdogo wangu," na tungeendelea na habari za mvua. Tumefanya hivyo mara nyingi, na kila mara tuliagana vizuri, hakuna aliyeumia zaidi ya pale alipokuwa ameumia. Safari hii nilifungua mdomo, nikatafuta kiunoni, hapakuwa na kitu. Nilibaki nasikia anavyopumua, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyekaa vibaya kwenye kiti. Mwishowe akasema, "Haya basi," akakata simu.

Ninyi mnaita hali hiyo kupona. Kwenye faili yangu mmeandika kwamba mgonjwa hana maumivu. Napinga maneno hayo. Mgonjwa ana maumivu, ila sasa hayana mahali pa kukaa.

Kutokana na hayo yote, naomba hospitali yako inifanyie moja kati ya mambo yafuatayo, lolote litakalowawia rahisi:

(a) Kunirudishia maumivu yangu. Si yote. Yale ya mguuni mnaweza kubaki nayo, sikuwahi kuyahitaji. Naomba ya kiunoni tu, kiasi cha kumzuia mtu kukaa kwenye basi, lakini kisichomzuia kukaa kwenye benchi.

(b) Hilo likishindikana kwa sababu za kitaalamu, kunipatia cheti chenye mhuri mkubwa, kinachosema kwamba mwenye cheti hiki anaweza kutembea, kukaa, kubeba ndoo ndogo na kupanda ndege kwenda upande wowote wa dunia isipokuwa mmoja. Upande wenyewe nitaujaza mimi.

(c) Kuwaelekeza watumishi wote wanaopokea simu za wagonjwa watumie jibu moja tu: "Bado tunamwangalia." Ni jibu zuri. Halidanganyi, halina tarehe, na linamfaa mtu yeyote wakati wowote.

(d) Kuongeza swali moja kwenye fomu mnayowajazisha wagonjwa kabla ya upasuaji. Mnauliza kama mtu anavuta sigara, kama ana mzio wa dawa, kama ana meno ya bandia na mara ya mwisho alikula lini. Baada ya meno ya bandia, naomba muulize: "Maumivu haya yanakusaidia nini?" Muache nafasi ya kutosha. Mtashangaa watu watakavyoandika, na nusu yao mtawarudisha nyumbani bila kuwagusa, wakiwashukuru.

Najua utasema kwamba hakuna hospitali duniani inayorudisha ugonjwa. Mimi najua zipo nyingi zinazofanya hivyo bila hata kuombwa, kwa hiyo uwezo upo, kinachotakiwa ni nia.

Nasubiri jibu lako kwa heshima. Msalimie daktari, mwambie mkono wake hautetemeki, na hilo nalisema kama fundi kwa fundi. Msalimie mtaalamu wa mazoezi, mwambie bado nashuka kitandani kwa kugeuka kama gogo, ingawa mke wangu anacheka. Wasalimie wauguzi wa zamu zote mbili, na yule mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekoroma katika lugha ambayo sote tuliielewa. Mama wa chai asalimiwe peke yake, asichanganywe na wengine. Mkalimani hana haja ya salamu, kwa kuwa anasoma barua hii na ameshacheka mara tatu.

Wako katika afya isiyotakiwa,

Fundi wa Kujalidi
(Kitanda cha dirishani)

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, barua uliyoisoma haikutumwa siku ilipoandikwa. Ilikaa kwenye mfuko wa koti langu, na koti lilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilifungwa na mtu mwingine. Naandika maneno haya kwenye meza ya dada yangu.

Alikuja kunipokea mpaka barabarani. Nilimkumbuka mrefu kunipita, na nilipomkumbatia kichwa chake kiliishia kifuani kwangu. Nikadhani ni uzee. Kisha akatangulia kunionyesha njia, nikamwona anavyokwenda: kiganja juu ya nyonga ya kushoto, mguu wa kulia ukitupwa mbele kidogo, na kila baada ya nyumba mbili anasimama kujifanya anamsalimia mtu. Mwendo huo naujua. Niliutembea mimi mwenyewe, miaka yote. Usiku alikwenda kulala kwa kugeuka kama gogo, na hajawahi kuonana na mtaalamu wa mazoezi hata mmoja.

Asubuhi nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu zamani," akasema. "Kwa nini unafikiri mimi sikuja kwako?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa na wako. Familia moja haiwezi kulalamikia migongo miwili kwenye simu moja. Ningekwambia wangu, wewe ungeuweka wapi wako?"

Kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu, kuanzia la kwanza hadi la nane, pamoja na maombi yake, yafutwe, na karatasi hizi zitumike kama barua ya kuomba nafasi. Mgonjwa ni mwanamke, mkubwa wangu, mkaidi. Fomu atasema hajazi, basi mtamsomea, naye atajibu. Picha za mgongo tutapiga huku na kuwatumia wiki hii. Naomba nafasi ya karibu iwezekanavyo, maana ameshaanza kusema kwamba hawezi kuondoka, kuna mahindi yanayokaribia kuvunwa, na mimi nazijua sababu, najua zinavyoota mizizi zikiachwa msimu mmoja.

Atakuja nami. Begi lake nitalibeba mimi.